Gombesa: Samaki Aliyedhaniwa Ametoweka, na Khabari ya Mwenye Kuona

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Muumba wa vilivyomo nchi kavu na baharini, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba wake. Ama baada ya hayo.

Usiku wa tarehe 20 Desemba 1952 mvuvi mmoja Muislamu wa kisiwa cha Nzuwani katika Komoro, Ahmadi Abdallah, alikuwa ndani ya galawa yake karibu na mji wa Domoni akivua kwa mshipi mrefu, kama walivyofanya baba zake. Samaki mkubwa alinasa. Ahmadi alimpandisha kwa taabu, akampiga kichwani mpaka akatulia, na asubuhi akampeleka sokoni. Kwa watu wa kisiwa kile samaki huyo hakuwa jambo geni. Walimwita gombesa. Alikuwa akipatikana mara chache, hasa na wale wanaoteremsha mishipi usiku kwenye vilindi kumtafuta samaki mwingine mwenye mafuta mengi waitwaye nesa, na nyama yake haikupendwa sana.

Kumbe wakati huohuo, upande wa kusini wa bahari hiyohiyo, alikuwapo mwanachuoni aliyekuwa akimtafuta samaki huyu kwa karibu miaka 14, na hakuna aliyemwambia kwamba anauzwa sokoni.

Ndugu msomaji, kisa cha gombesa kimeandikwa mara nyingi na watu wa elimu ya viumbe, kila mmoja kwa lengo lake. Tunakirejea hapa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba wengi waliomo ndani yake ni ndugu zetu wa pwani na visiwa, na nafasi yao imetajwa kwa uchache. Ya pili ni kwamba kinagusa masuala ambayo mafaqihi na watu wa usul waliyashughulikia zamani: khabari ya nani ikubaliwe, na kiumbe kisichojulikana kikitoka baharini hukumu yake ni ipi.

Kutoka East London hadi Domoni

Tarehe 22 Desemba 1938 meli ya uvuvi iitwayo Nerine, chini ya nahodha Hendrick Goosen, ilirudi katika bandari ya East London, Afrika Kusini, baada ya kukokota nyavu karibu na mlango wa mto Chalumna. Nahodha huyo alikuwa na ada ya kumpigia simu msimamizi wa makumbusho ya mji, binti aitwaye Marjorie Courtenay-Latimer, aje kuangalia kama kuna samaki wa ajabu. Siku hiyo chini ya rundo la papa aliliona pezi la rangi ya buluu. Alipofukua akamkuta samaki wa urefu wa kiasi cha mita moja na nusu, uzito wa kilo 57 na nusu, mwenye magamba magumu na mapezi yaliyosimama juu ya vishina vya nyama mithili ya miguu mifupi. Alimpakia katika teksi, dereva akilalamika kwa harufu. Akaomba mahali pa kumhifadhi katika chumba cha maiti, akakataliwa. Akaomba katika ghala la barafu, akakataliwa vilevile. Mwishowe ngozi ikakaushwa na matumbo yakatupwa.

Alikuwa amemwandikia barua, pamoja na mchoro, mwalimu wa Chuo cha Rhodes huko Grahamstown, J. L. B. Smith. Barua ilimfikia mwanzoni mwa Januari 1939. Smith alipouona mchoro alishindwa kuamini macho yake, kwani samaki wa jinsi hiyo alikuwa akijulikana kwa visukuku tu, yaani mabaki yaliyogeuka mawe. Wanajiolojia walihesabu kwamba ukoo wake ulitoweka takriban miaka milioni 66 iliyopita. Machi 1939 Smith alimtangaza katika jarida la Nature kwa jina la kitaalamu Latimeria chalumnae, kwa heshima ya binti yule na mto ule. Kwa Kiswahili cha leo anaitwa silikanti.

Smith alitaka samaki wa pili, mzima, mwenye matumbo yake. Aliona kwamba yule wa 1938 alikuwa amepotea njia kutoka bahari za joto za kaskazini. Akachapisha karatasi zenye picha na ahadi ya zawadi ya pauni 100, kwa lugha tatu: Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Naomba msomaji azingatie jambo hili kidogo. Pwani na visiwa ambako gombesa anaishi, watu walisema Kiswahili na Kikomoro, na herufi walizofundishwa watoto wao chuoni zilikuwa za Kiarabu. Hakuna hata karatasi moja katika hizo iliyoandikwa kwa lugha ya mvuvi. Ziliandikwa kwa lugha za watawala wake.

Mwaka 1952 Smith na mkewe Margaret walikuwa katika safari ya kukusanya samaki kwenye mwambao wetu, na Zanzibar wakakutana na nahodha mfanyabiashara Mwingereza, Eric Hunt, ambaye jahazi lake lilikwenda na kurudi Komoro. Hunt ndiye aliyezichukua karatasi zile hadi visiwani. Basi siku ile Domoni, gombesa wa Ahmadi alipokuwa karibu kukatwakatwa, mwalimu wa shule Affane Mohamed alimtazama akaukumbuka mchoro alioona kwenye karatasi. Akamzuia mvuvi asimkate. Samaki akabebwa kuvushwa milima hadi Mutsamudu, ambako Hunt alikuwa ametia nanga. Hunt akamtia chumvi, akavuka naye hadi Mayotte, akampiga sindano za formalini na kutuma simu ya maandishi. Smith hakuwa na usafiri. Alimwendea Waziri Mkuu wa Afrika Kusini, Daniel Malan, na Malan akatoa ndege ya kijeshi aina ya Dakota. Smith alipoletewa sanduku na kumwona samaki, alilia.

Kwa shukrani akampa samaki huyo jina la Malan. Yaani samaki aliyevuliwa na Muislamu mweusi wa Nzuwani, akatambuliwa na mwalimu Muislamu wa Domoni, alipewa jina la mkuu wa serikali ya ubaguzi wa rangi. Mwenyezi Mungu hakulidumisha jina hilo: haikupita muda wataalamu wakathibitisha kwamba ni aina ileile ya 1938, na jina la Malan likafutika vitabuni. Hunt mwenyewe alipotea baharini mwaka 1956, jahazi lake lilipopanda mwamba kati ya Komoro na Madagaska.

Mwenye kuthibitisha na mwenye kukanusha

Watu wa usul wana kanuni mashuhuri: khabari ya mwenye kuthibitisha hutangulizwa juu ya khabari ya mwenye kukanusha, kwa kuwa mwenye kuthibitisha ana ziada ya elimu. Mfano wanaoutoa mara nyingi ni sala ya Mtume (s.a.w.) ndani ya Al-Kaaba. Bilal (r.a.), aliyeingia pamoja naye, alieleza kwamba Mtume alisali humo. Ibn Abbas (r.a.), ambaye hakuingia, alipokea kwamba hakusali. Wengi wa maulamaa wakaichukua khabari ya Bilal, na wala hawakumtuhumu Ibn Abbas kwa uongo. Kanuni nyingine inaandamana na hiyo: kutokujua kuwapo kwa kitu si sawa na kujua kutokuwapo kwake.

Ukizipima kauli za wataalamu wa karne ya 19 kuhusu vilindi kwa kanuni hizi utaona wapi walipoteleza. Mwingereza Edward Forbes alikokota nyavu katika bahari ya Aegean miaka ya 1841 na 1842, akaona kadiri anavyoteremka ndivyo viumbe vinavyopungua. Akakadiria kwamba chini ya pima 300 hakuna uhai. Kauli hiyo ilikubaliwa na wengi kwa muda. Kisha ikaja safari ya meli Challenger, kuanzia 1872 hadi 1876, iliyozunguka bahari za dunia na kurudi na maelfu ya aina za viumbe ambazo hazikuwa zikijulikana, nyingine kutoka chini sana kuliko mpaka wa Forbes. Na mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galapagos, waliozama ndani ya chombo kiitwacho Alvin walikuta kwenye kina cha kiasi cha mita 2,500 chemchemi za maji ya moto na kando yake minyoo mirefu mieupe yenye vichwa vyekundu, chaza na kaa. Viumbe hao wanaishi bila ya kuhitaji mimea inayokua kwa mwanga wa jua: chakula chao kinatokana na vijidudu vinavyopata nguvu kutoka kwenye kemikali za chemchemi hizo. Hapo hata vitabu vya shule vikabidi viandikwe upya.

Insafu inatutaka tuseme kwamba Forbes alinena kwa alichokiona, na kwamba wataalamu walipoletewa ushahidi walirudi nyuma kwenye kauli zao, jambo ambalo si kila mtu huliweza. Aidha wavuvi wa Komoro hawakuwa na habari ya visukuku wala umri wa ukoo wa gombesa. Khabari hiyo ilitoka kwa wengine. Kasoro ni kwamba wenye kuona hawakuulizwa. Katika elimu yetu ya hadithi mtu husafiri mwezi mzima kumfuata mpokezi mmoja wa khabari moja, hata akiwa mchunga mbuzi, maadamu ni mkweli na mwenye kudhibiti.

Maulamaa na mabaharia wetu wa zamani walikuwa na ada ya kuuliza. Al-Masudi, aliyesafiri kutoka Oman hadi kisiwa cha Qanbalu, ambacho wengi husema ni Pemba, na ambaye safari yake ya mwisho ya kurudi ilikuwa mwaka 304 Hijria, aliandika kuhusu samaki wakubwa wa bahari ya Zanj na khofu ya mabaharia wa Siraf na Oman. Ad-Damiri wa Misri, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 808 Hijria, alikusanya kamusi nzima ya wanyama, Hayatul-Hayawan, ambamo baada ya jina la mnyama na tabia zake hutaja hukumu ya kuliwa kwake. Ndani yake mna khabari dhaifu na ngano, hilo halina ubishi. Lakini mpango wenyewe una faida: kiumbe kikitajwa, hukumu yake nayo hutajwa.

Mnyama wa Jaishul-Khabat

Khabari kongwe kabisa tuliyonayo ya Waislamu kukutana na kiumbe cha bahari wasichokitarajia ni ile aliyoisimulia Jabir bin Abdullah (r.a.), na imo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alituma jeshi la watu 300 chini ya Abu Ubaida bin al-Jarrah (r.a.) kuelekea pwani. Chakula kikawaishia hata kila mtu akawa anapewa tende moja kwa siku, kisha wakala majani ya miti waliyoyapukutisha kwa fimbo, na ndiyo maana likaitwa Jaishul-Khabat. Baadhi ya waandishi wa sira wanaliweka jeshi hilo mwaka wa 8, na Ibnul-Qayyim akaona kwamba lilikuwa kabla ya Hudaibiya. Walipofika ufukweni wakaona kitu mfano wa kichuguu kikubwa. Walipokikaribia, kumbe ni mnyama aitwaye anbar, ametupwa na bahari.

Abu Ubaida kwanza alisema: ni mzoga. Kisha akarejea, akasema kwamba wao ni wajumbe wa Mtume, wako katika njia ya Mwenyezi Mungu, na wamefikwa na dharura, basi wale. Wakala kwa siku nyingi mpaka wakanenepa. Watu 13 walikaa ndani ya tundu la jicho lake, na ngamia mrefu aliyepandwa akapita chini ya ubavu wake uliosimamishwa. Waliporudi Madina wakamweleza Mtume (s.a.w.), naye akawajulisha kwamba ilikuwa riziki waliyotolewa na Mwenyezi Mungu, akauliza kama imebaki nyama, akaletewa, akala.

Mafaqihi wanaitazama sana ile kula ya mwisho. Abu Ubaida aliruhusu kwa ijtihadi yake akitegemea dharura. Mtume (s.a.w.) alikula Madina, ambako hapakuwa na dharura. Kwa hivyo uhalali ukathibiti kwa asili yake, ukakutana na maana ya aya ya 96 ya Suratul-Maida inayohalalisha mawindo ya bahari na chakula chake, na hadithi ya Abu Huraira (r.a.) kwamba maji ya bahari ni tohara na mfu wake ni halali. Na katika riwaya hiyo ya Jabir hatuoni kwamba waliulizwa mnyama yule ni wa jinsi gani, au ana magamba au hana.

Hapa ndipo madhehebu yalipoachana. Mahanafi wamehalalisha samaki peke yake, na wakamtoa yule aliyekufa mwenyewe akaelea juu ya maji. Imam Malik alipanua mno, na alipoulizwa kuhusu mnyama aitwaye nguruwe wa baharini alisita kwa ajili ya jina, akiwakumbusha waliouliza kwamba ni wao wanaomwita nguruwe. Mahanbali wamehalalisha na kuwatoa wachache kama chura na mamba. Ama sisi Mashafii, Imam Nawawi ametaja katika Minhaj kauli tatu kuhusu wasiokuwa samaki, na iliyo sahihi zaidi ni kwamba asiyeishi isipokuwa majini ni halali kwa sura yoyote aliyonayo, ila mwenye sumu au madhara. Na wale waishio nchi kavu na majini, kama chura na nyoka, ni haramu.

Kwa hukumu hii mnyama hakuhitaji kuwamo katika orodha ya mtu. Kilichotazamwa ni makazi yake na madhara yake, na kwa hiyo kiumbe kinachogunduliwa leo kwenye kina cha mita 4,000 kimekwishatajiwa hukumu yake kabla hakijaonekana.

Swali la gombesa

Mwaka 2003 silikanti alinaswa karibu na Songo Mnara, Kilwa, mbele ya magofu ya misikiti ya mababu zetu, katika nchi ambayo Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliwakuta watu wake ni Mashafii. Baada ya hapo wakanaswa makumi kwenye bahari ya Tanga, wengi katika majarife ya papa yaliyoteremshwa kwenye kina kirefu. Miaka miwili kabla, mmoja alikuwa amenaswa Malindi. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania ikatangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Hata Indonesia, nchi ya Waislamu wengi, walionekana sokoni Manado mwaka 1997 samaki wa jinsi yake, aina nyingine, na wavuvi wa huko nao walikuwa na jina lao kwake: raja laut, yaani mfalme wa bahari.

Basi akiliwa, je? Mtu mmoja aliyesoma sayansi alipata kunibishia kwamba kwa nasaba wanayoipanga wataalamu, gombesa yuko karibu zaidi na wanyama wa nchi kavu kuliko alivyo karibu na jodari, kwa hiyo Mhanafi asimhesabu kuwa ni samaki. Jawabu ni kwamba lafudhi katika hukumu hizi hufasiriwa kwa ada ya watu na lugha yao. Ana magamba, ana mapezi, anapumua kwa mashavu, na wavuvi wamemwita samaki siku zote. Ni samaki kwa Mhanafi, na hata kwa Majaafari wanaoshurutisha magamba. Nasaba ya maabara ni elimu yenye nafasi yake, lakini haiondoi jina lililothibiti katika ada.

Kilichobaki ni madhara. Nyama yake ina mafuta mazito ambayo tumbo la mtu haliyasagi vizuri, na wengi waliokula wameharisha. Anayejua kwamba itamdhuru haifai ale, kwa sababu ya madhara, si kwa sababu ya jinsi yake. Ama kumkusudia kumvua, mlango huo ni mwembamba zaidi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2021 uliosoma mistari ya magamba yake ulionyesha kwamba huenda akaishi miaka 100 hivi, na jike hubeba mimba kwa takriban miaka mitano, akizaa watoto hai. Anayenaswa leo Tanga huenda alikuwa akiogelea kabla Hunt hajakutana na akina Smith Zanzibar. Mafaqihi wetu wamesema amri ya mtawala yenye maslaha ya umma hutiiwa, na imepokewa na Nasai makemeo kwa anayemuua hata shomoro pasipo haki yake. Mvuvi aliyemkuta amekufa jarifeni bila ya kukusudia hana dhambi. Lakini ifahamike pia kwamba wavuvi hawakuteremsha majarife kwenye vilindi kwa kupenda. Samaki wa karibu wamepungua, na baruti imevunja matumbawe. Khatibu anayemkemea mwenye jarife juu ya mimbari amkemee na mwenye baruti, naye huenda anamjua kwa jina.

Limebaki jambo moja ambalo siwezi kulinyamazia. Katika miaka ya 2000 vilienea vitabu na kanda zilizomfanya gombesa kuwa hoja ya kumaliza mjadala na wafuasi wa Darwin: samaki hakubadilika kwa mamilioni ya miaka, basi imekwisha. Lengo lilikuwa jema, hoja ni dhaifu. Waliomchunguza wanaeleza kwamba wale wa visukuku walitofautiana naye kwa umbo na ukubwa, na kwamba Latimeria yenyewe haikupatikana katika mawe. Mwanafunzi wetu akienda chuo kikuu na hoja hiyo atavunjwa dakika ya kwanza, kisha ataanza kushuku na yale yaliyo yakini. Vivyo hivyo aya ya 40 ya Suratun-Nur, inayotaja giza la bahari yenye kina na mawimbi juu ya mawimbi, imeteremka kupiga mfano wa amali za waliokufuru. Tunaona wahubiri wakiisoma kwa ajili ya picha za chini ya bahari na kuusahau ule mfano ambao ndio makusudio. Muislamu ana aya ya 8 ya Suratun-Nahl, inayomjulisha kwamba Mola wake huumba asivyovijua, na aya hiyo haihitaji samaki wa kuitetea.

Wallahu aalam.